Tahadhari: feni za tabo zinazouzwa Mbeya hadi Tunduma kwa jina la "bileti" ni za uongo na zinaharibu injini

Ndugu wamiliki wa malori, madereva na mafundi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji wa spea anayezunguka kati ya Uyole, Mbalizi na Tunduma akiuza feni za upande wa hewa za tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda), ambazo anazinadi kuwa ni "bileti", yaani zimekerezwa kutoka kwenye kipande kizima cha alumini, na kwamba zinaliongezea lori nguvu milimani. Feni hizo hazijakerezwa. Ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ikapigwa msasa ili ifanane na kazi ya mashine. Hazijafanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito wake pande zote, na baadhi yake ni kubwa kuliko hausingi (ganda la tabo) zinamofungwa. Tabo za aina hiyo zimeletwa kwenye gereji ninayofanyia kazi zikiwa zimekufa kabisa, na kwa baadhi ya malori vipande vya feni vilikuwa vimekwisha kupita kwenye intakula, yaani kipozea hewa inayotoka kwenye tabo, na kuingia kwenye silinda.

Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya wamiliki wamekwisha kufikisha malalamiko polisi na sitaki maandishi haya yampe kisingizio cha kudai kuwa amechafuliwa kabla ushahidi haujasikilizwa. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, maana hiyo ndiyo itakayowasaidia kumtambua hata akibadilisha duka au namba ya simu.

Huwa anawafuata madereva mahali wanapolazimika kusubiri: foleni ya mpakani Tunduma, maegesho ya Uyole, na siku hizi njiapanda ya Makambako. Anaonyesha video kwenye simu, mshale wa kipimo cha upepo (msukumo wa hewa ya tabo) ukipanda haraka, na kusema kwamba lori lililo kwenye video limefungwa feni yake. Kisha anaomba namba ya mwenye gari, anampigia kwa heshima kubwa, anamweleza kuwa tabo "inaboreshwa" bila kununuliwa mpya, na kuomba malipo ya awali kwa simu kwenda namba ambayo jina linalotokea si la duka wala si lake. Risiti yake ni ya kuandikwa kwa mkono. Sharti lake ni kwamba kazi ifanywe na fundi wake, na tabo ya zamani, au katriji yake yote (sehemu ya ndani yenye shafti, bushi na feni), ibaki kwake kama sehemu ya malipo. Dhamana anaitaja kwa mdomo tu.

Kinachowafanya watu wazima na wenye uzoefu kumsikiliza ni kwamba maelezo yake yana nusu ya ukweli. Anasema huku kwetu hewa ni nyepesi, na hilo ni kweli: Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Lakini hitimisho analolitoa, kwamba kwa hiyo lori linahitaji feni kubwa zaidi, ndilo linalowaangamiza wateja wake. Tabo inayotakiwa kuiingizia injini hewa ya bari 2.5 (bari 1 ni takriban kanieneo ya hewa ya pwani) ikiwa pwani huizidisha hewa ya nje mara 2.5, ikiwa hapa Mbeya, ili ifikie kiwango kile kile, inabidi iizidishe mara 3 na zaidi kidogo, na njia yake ya kufanya hivyo ni kuzunguka kwa kasi zaidi. Maana yake ni kwamba huku juu tabo tayari inafanya kazi karibu na mpaka wake. Ukiifunga feni pana zaidi kwenye shafti hiyo hiyo, ncha za mapanga zinakimbia zaidi kuliko zilivyokusudiwa kwa mzunguko ule ule. Feni yenye kipenyo cha milimita 80 ikizunguka mara 100,000 kwa dakika, jambo la kawaida kwa tabo ya lori, ncha zake huwa zinakwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, yaani kasi inayoipita ile ya sauti. Alumini ya kumimina isiyojulikana imetoka kwenye karakana gani haifai kupelekwa huko.

Kuna jambo la pili ambalo hamwelezi mteja yeyote. Feni kubwa inahitaji hewa nyingi ipite ndani yake, na lori lenye shehena likipanda Kitonga au Mlima Nyoka kabla dereva hajapunguza gia linakuwa na mzunguko mdogo wa injini na mzigo mkubwa, hali ambayo hewa inayopita ni kidogo huku upepo unaodaiwa ni mwingi. Hapo hewa hugeuka na kurudi nyuma kupitia feni, tabo inasikika ikikohoa, na kila kikohozi ni pigo kwa bushi ya msukumo inayozuia shafti isiende mbele na nyuma. Kwa hiyo hata feni ya kweli, iliyokerezwa vizuri na kampuni yenye jina, inaweza kuwa chaguo baya kwa lori la mizigo la barabara hii endapo haikupangwa pamoja na feni ya upande wa moshi na hausingi zake. Na nguvu yenyewe haitoki kwenye hewa peke yake. Inatoka kwenye dizeli. Kama pampu na nozo zinatoa mafuta yale yale, hewa ya ziada haina mafuta ya kuunguza, na kwa malori yenye kompyuta, kompyuta ndiyo inayoamua upepo uwe kiasi gani.

Sasa naomba mzitazame feni zenyewe kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo uongo wake unapoonekana bila kipimo chochote. Feni iliyokerezwa kutoka kipande kizima ina mistari myembamba, iliyolingana, inayofuata mkunjo wa panga kuanzia ncha hadi shinani na kuendelea kwenye bonde lililo kati ya panga na panga, kwa kuwa kisu cha mashine kilipita kote humo. Feni za huyu muuzaji zina mistari kwenye sehemu ya juu ya panga tu, pale msasa unapofika. Mistari hiyo imekatiza panga badala ya kuufuata mkunjo wake, haifanani kati ya panga moja na jingine, na inakoma kabla ya shina. Ukimulika tochi ndani ya bonde unaona uso wenye chembechembe, na kwenye baadhi yake unaona ukingo mdogo uliobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Nimeishika moja ambayo ukingo huo ulikuwa bado unakwaruza kidole. Niseme kwa haki kwamba feni ya kumimina si kitu kibaya. Malori mengi yametoka kiwandani yakiwa na feni za namna hiyo na zimedumu miaka mingi. Ubaya ni kuiuza kwa jina la nyingine, kwa bei ya nyingine, na kumwambia mteja kuwa inahimili kasi ambayo haihimili.

Halafu kuna suala la balansi, na hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Gramu 1 tu iliyozidi upande mmoja, ikiwa sentimita 3 kutoka katikati ya shafti inayozunguka mara 100,000 kwa dakika, huvuta shafti kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 300. Sehemu ya kumi ya gramu ni zaidi ya kilo 30, na nguvu hiyo inabebwa na bushi inayoelea juu ya utando wa oili. Ndiyo maana wanaotengeneza tabo huziweka shafti na feni kwenye mashine ya balansi na kuondoa chuma kidogo kidogo, mgongoni mwa feni au kwenye pua yake, mpaka mtetemo uishe. Fundi wa muuzaji huyu hana mashine hiyo. Anafungua nati, anaitoa feni ya zamani, anaiweka yake, anakaza nati kwa mashine ya upepo ile ile ya kufungulia matairi, anaizungusha kwa kidole na kusema iko sawa. Shafti ya tabo ni nyembamba, na kukazwa namna hiyo kunatosha kuipinda kabla hata injini haijawashwa.

Tabo ikifa, jibu lake ni moja kwa wote: oili yako ilikuwa chafu. Wamiliki wengi wameondoka kimya kwa jibu hilo, kwa hiyo someni hapa kwa makini. Oili chafu huacha mikwaruzo na mifereji kuzunguka shafti na ndani ya bushi. Oili ikikosekana kabisa, shafti huungua na kuwa na rangi ya buluu au nyeusi pale inapokaa bushi. Tabo nilizofungua mimi hazikuwa na kimoja kati ya hayo: shafti ziling'aa, njia za oili zilikuwa wazi, ila bushi zilikuwa zimeliwa upande mmoja na kuwa na umbo la yai, na feni ilikuwa imekula hausingi. Feni nyingine ilikuwa imepasuka kuanzia tundu la katikati na ndani ya mpasuko kulikuwa na vijitundu vya hewa, ambavyo hutokea alumini inapomiminwa vibaya. Hiyo haiwezi kuwa kazi ya oili. Mkiambiwa maneno hayo, daini tabo ifunguliwe mbele yenu na mbele ya fundi mwingine.

Kwa madereva, hatari haiishii kwenye hasara ya tajiri. Shafti ikikatika au sili zinazozuia oili zikiachia, oili ya injini inaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa na injini ikaanza kuiunguza kama mafuta, ikapandisha mzunguko yenyewe na isizime hata ukizima swichi, mpaka izibwe hewa au ipasuke. Sipendi kuwaza jambo hilo likitokea Kitonga, ambako nyuma yako kuna mabasi na mbele yako kuna kona.

Kuhusu tabo za zamani anazozichukua: mmiliki mmoja wa Mafinga anayesafirisha mbao alikuwa amechonga herufi ndogo kwenye hausingi ya tabo yake, na baadaye akaikuta tabo hiyo hiyo imesafishwa, imepakwa rangi ya fedha na inauzwa kama mpya ndani ya boksi lenye jina la kiwanda kikubwa. Katriji ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ninachoamini ni kwamba faida yake kubwa inatoka hapo, na feni ni njia tu ya kuzipata tabo nzuri kutoka kwa wenyewe.

Anayehitaji feni au katriji kwa kweli aanze na kibati kilichopigiliwa kwenye tabo, ambacho kina namba ya tabo. Feni inatafutwa kwa namba hiyo, na muuzaji asiyeiuliza hajui anauza nini. Adai karatasi ya balansi ya katriji. Adai risiti ya mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi), ambayo uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TRA, na asilipe kwa namba ya simu yenye jina lisilo la duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na bidhaa zenye alama za kughushi zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kwa hiyo pana pa kulalamikia, ilimradi kuna karatasi na kuna kitu cha kuonyesha.

Kama lori lako limekwisha kufungwa feni hiyo, usilipandishe mlima kwa sasa. Injini ikiwa imepoa, fungua mpira wa hewa unaoingia kwenye tabo, mulika kuta za hausingi uone kama zimekwaruzwa, kisha sukuma pua ya feni kushoto na kulia; ikigusa ukuta, lori lisitembee. Fungua pia mpira wa intakula uangalie kama kuna oili iliyotuama au vumbi la alumini. Tabo usimrudishie, hata akiahidi kukubadilishia bure, kwa sababu ikishaingia mikononi mwake ushahidi umekwisha. Ipige picha ikiwa bado kwenye gari, kibati chake kikionekana, hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo ya simu, na vipande vya feni viwekwe kwenye mfuko bila kuoshwa, vikiwa na tarehe na namba ya gari. Wale ambao tayari wamefika polisi Mbeya wanahitaji vipande kutoka kwa wengine ili ionekane kwamba feni zote zimetoka kwenye kalibu moja, kwa hiyo mwenye navyo avipeleke na aombe viunganishwe na malalamiko yaliyopo.