Nimekata bolti za 4.8, 8.8 na 12.9 ili usome namba kabla hujanunua

Haya jamani karibuni tena, leo mezani nina bolti nne tu, zote M10, yaani unene milimita 10, urefu mmoja, hizi za kichwa cha pembe sita ndo zile fundi akikutuma anasema niletee bolti ya 17 maana spana yake ni 17. Ukiziangalia kwa mbali, unene na urefu ni pacha kabisa. Sasa ngoja nisogeze kamera... cheki hapo kichwani. Hii 4.8, hii 8.8, hii nyeusi ya alenki, yenye tundu la pembe sita kichwani, ni 12.9, na hii inayong'aa ya stenlesi imeandikwa A2-70. Wengi wanadhani ni namba za kiwanda, wala, hizo namba ndo unachonunua.

Namba ya kwanza zidisha mara 100, unapata nguvu ya mvutano kwa megapaskali, yaani chuma kikivutwa huku na huku kinafika wapi ndo kikatike. Kwahiyo 8.8 ni 800. Megapaskali moja ni nyutoni moja kwenye kila milimita ya mraba, na M10 ya nyuzi za kawaida pale kwenye nyuzi ina kama milimita za mraba 58, sio 78 unazopata ukipiga hesabu ya duara la milimita 10, maana nyuzi zimeshakula nyama. Piga 58 mara 800, ni nyutoni 46,400, kama tani 4 na kilo 700 hivi zinaning'inia kwenye kitu kinene kama kidole. Ile 4.8 ni nusu ya hapo.

Namba ya pili ndo watu hawaigusi, na mimi naona ndo ya maana zaidi. Ile .8 inakwambia kwenye asilimia 80 ya hiyo nguvu chuma kinaanza kurefuka na ukikiachia hakirudi, kwahiyo 8.8 inasalimu amri kwenye 640 na sio 800. Bolti ikisharefuka hivyo kwa mzigo inalegea, haibani tena kama mwanzo, hata kama kwa macho iko nzima. Ukipiga hesabu piga kwa namba hii, halafu uache nafasi ya kutosha.

Sasa tuzikate. Nimefunga bamba nene kwenye jiliwa, nina spana na bomba refu la kuongezea mkono. Najua hapa nazisokota pia, sio kuzivuta tu kama mashine ya maabara, ila tofauti mtaiona. Naanza na 4.8... inakaza, inakaza, haya, umeona? Spana inazunguka ila haiongezi ugumu. Hapo imeshakwisha hiyo. Nikiitoa, ona, ina kiuno cha nyigu! Haijakatika bado, ila imekonda katikati na nati haipandi tena.

8.8 imenitoa jasho, nayo ikaja kufanya hivohivo mbele sana. 12.9 ilikaza mpaka bomba likaanza kupinda halafu pah! Kichwa kikaruka, ndo maana nimevaa miwani, na nyie vaeni. Mnaona ilivyokatika bila kutoa taarifa ndefu kama zile nyingine, chuma kigumu kina tabia hiyo. Na usiipeleke 12.9 ikapakwe zinki kwa umeme ili isishike kutu, haidrojeni inaingia ndani ya chuma na bolti inaweza kukatika yenyewe siku kadhaa baadaye, imekaa tu.

Stenlesi nayo inadanganya watu kwa kung'aa. A2 ni aina ya stenlesi, na hiyo 70 unazidisha mara 10, ni megapaskali 700, ila inaanza kurefuka kwenye 450, chini ya 8.8. Nunua kwa sababu ya maji na kutu, sio kwa nguvu, na uipake grisi maana stenlesi kwa stenlesi zinang'ang'aniana mpaka unaikata na msumeno.

Mimi mwenyewe namba kubwa zishanitapeli. Nilitengeneza rafu ya bapa za chuma, ikawa inabonyea katikati, nikatafuta chuma cha nguvu zaidi, saizi ileile, nikachomelea upya siku nzima. Ikabonyea vilevile, milimita kwa milimita! Kumbe kubonyea ni suala la ukakamavu, yaani chuma kinavyogoma kupinda, sio nguvu ya kukatika, na vyuma karibu vyote, laini kwa kigumu, ukakamavu wao unazunguka megapaskali laki 2. Ningegeuza tu bapa lisimame kwa ubavu, maana kina cha chuma kikiwa mara 2, upana ukibaki uleule, ukakamavu unapanda mara 8.

Kwahiyo kwangu mimi 8.8 ndo ya kununua kwa kazi nyingi, na nati yake iwe imeandikwa 8, ukiweka nati dhaifu nyuzi zinakwanguka na bolti yako ya nguvu inabaki pambo. 12.9 iweke tu pale ilipotolewa 12.9. Ile 4.8 sio mbaya, kwa kufunga kava inatosha kabisa.

Na hii ya tano nimeiokota chini ya benchi sasa hivi, kichwa kitupu, haina namba wala alama. Inarudi kwenye kopo, siku moja itaning'iniza ufagio.