Kamera ya Mtego katika Joto la Mombasa: Chombo Kilichobuniwa kwa Kulungu wa Nchi za Baridi

Kamera za mtego, yaani zile zinazopiga picha zenyewe mnyama au mtu anapokatiza mbele yake, zinazouzwa siku hizi katika baadhi ya maduka ya vifaa vya ulinzi mjini Mombasa hazikubuniwa kwa ajili ya wezi wa kuku, wala kwa wanyama wetu wa pwani. Nyingi zimetengenezewa soko la wawindaji wa kulungu wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na mnunuzi asiyelifahamu hilo ataziona mbovu hali ni nzima. Ninayoitathmini hapa ni ya kawaida, yenye bei isiyofika shilingi 15,000: hutumia betri 8 za AA, ina sensa ya joto na taa za usiku zisizoonekana kwa macho, na kila picha huipiga muhuri wa saa, joto la hewa na umbo la mwezi.

Muhuri huo wa joto si pambo. Kulungu wa misitu ya nchi za baridi hutembea na kulisha zaidi alfajiri na magharibi, lakini ratiba hiyo hubadilika kufuatana na hali ya hewa: akishaota manyoya mazito ya majira ya baridi, siku ya joto lisilotarajiwa humlaza kivulini mchana na kumwachia usiku wa kulisha. Mwinuko nao una amri yake. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5, kwa hiyo katika milima ya Alps nyasi changa huchipua kwanza mabondeni, kisha polepole kuelekea juu, na kulungu wekundu huzifuata wakipanda nazo hadi kiangazi, halafu hushuka theluji inapozidi kina. Katikati ya baridi hupunguza hata mapigo ya moyo na kuiacha miguu yao ipoe, ili akiba ya mafuta iwafikishe majira ya kuchipua. Mwindaji anayehamisha kamera yake juu na chini ya mlima kwa kufuata mwendo huo ana haja ya kweli ya kujua kila picha ilipigwa katika joto gani.

Kwetu, joto hilohilo ndilo linaloifunga kamera macho. Sensa haimwoni mnyama. Hutambua tofauti inayojitokeza ghafla baina ya joto la uso wa mwili wake na la vitu vilivyo nyuma yake. Msituni kukiwa na baridi ya nyuzi 5, kulungu hujitokeza waziwazi. Bamburi, mwezi wa Februari, hewa ikiwa imepita nyuzi 32 na ukuta umepigwa na jua, nguchiro hukatiza uwanja mchana kweupe na kamera isifyatuke. Nilipoipeleka kwenye shamba la jamaa upande wa Kwale, takriban mita 400 juu ya bahari na kando ya msitu, mambo yalibadilika: nyuzi mbili tatu zilizopunguzwa na mwinuko, pamoja na kivuli cha miti, zilitosha kuiamsha hata asubuhi ikiwa imepanda, na usiku ilinasa paa, funo na komba kwa picha safi. (Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills kwenyewe, usifunge kamera bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.)

Kijitabu cha maelekezo kinashauri kamera ifungwe kwenye kimo cha mita moja hivi, ambacho kinamfaa kulungu wa Marekani. Paa wetu hafiki sentimita 45 begani, basi ishusheni hadi usawa wa goti. Kinashauri pia ielekezwe kaskazini ili kulikwepa jua. Hapa, karibu na ikweta, kaskazini na kusini zote zinafaa, mradi isitazame mashariki wala magharibi. Msisitizo wake juu ya betri za lithiamu unatokana na baridi kali inayodhoofisha betri za kawaida, na gharama hiyo mkazi wa pwani anaweza kuiepuka.

Lililonikera zaidi ni unyevu. Chumvi ya hewani huanza kula vishikio vya betri mapema, lenzi hufunga ukungu alfajiri, na sisimizi huona kasha hilo kuwa nyumba. Vifuko vya kukausha unyevu husaidia, lakini kampuni haikuviweka. Wakati wa kusi, majani yaliyopashwa jua huifyatua kamera ovyo na kuijaza kadi picha tupu, kwa hiyo fyekeni mbele yake. Muhuri wa joto nao husoma joto la kasha, si la hewa, na juani huwa wa kupotosha kabisa.

Mwenye shamba Kwale anayetaka kumjua anayekula mihogo yake usiku ataridhika na fedha aliyotoa. Anayetaka kulinda lango mchana pale kisiwani anunue kamera ya umeme inayorekodi mfululizo, kwa kuwa hii itamwangusha saa sita hadi saa kumi.