Huduma ya kusajili msitu kwenye mradi wa kaboni, nyota 4

Kwa wenye misitu mnaouliza kama hii huduma inalipa, mi naipa nyota 4 kati ya 5. Wapimaji walikuja na tepu wakawa wanazungushia kila mti mita 1.3 kutoka ardhini, wanaandika unene na aina yake, ukioza ndani wanaugonga kwanza wasije wakauhesabu kama mzima, hapo nikajua hawa jamaa hawabahatishi.

Sasa hesabu iko hivi, kredit, yaani kile unachouza kwenye mradi, 1 ni tani 1 ya kaboni dioksaidi ambayo msitu umeiondoa au kuizuia isiende hewani, na hulipwi kisa tu una miti, unalipwa kwa kilichoongezeka kwa sababu yako, mfano umechelewesha kuvuna au umepanda palipokuwa wazi, alafu kredit kiasi zinawekwa akiba in case moto ukipita. Mbao bado unavuna, ila kwa mpango.

Nyota 1 nimekata kwenye mkataba. Mrefu mno, na kipengele cha nani anabeba mzigo wa mkataba ukitaka kuuza shamba kimefichwa mwisho kabisa, sio haki jamani, mtu anafunga msitu wake miaka mingi aambiwe mapema! Umoja wa Ulaya wameshatunga sheria ya kuthibitisha kaboni, namba 2024/3012, ni ya hiari na inataka mkaguzi wa nje, natamani kila nchi iwe nayo maana sera ikiwa wazi mwenye msitu hapunjwi kirahisi. Kabla hujasaini uliza gharama za ukaguzi analipa nani, kwa msitu mdogo hiyo hela inaweza kumeza faida yote.