Kamera ya ndege wa uani, kwa sisi wa nyanda za juu

Ukiwa Mbeya huna haja ya kusafiri hadi Ruaha ndipo upate ndege wa kupiga picha. Chozi wanakuja wenyewe kwenye ua la mgomba. Kinachotusumbua ni mwanga: mwezi wa sita, saa moja asubuhi, Uyole imejaa ukungu, na saa hiyo ndiyo ndege wanakula. Kwa hiyo nimezipanga kamera kwa mwanga kwanza, zumu baadaye.

Ya kwanza kwangu ni DSLR ya mtumba, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Chukua Canon ya kawaida kama 700D au 1200D, uifunge lenzi ya EF-S 55-250mm IS STM. Kwenye kamera hizo milimita 250 za lenzi zinavuta kama 400, uzito wa lenzi ni gramu 375 tu, na inafokasi hata ndege akiwa sentimita 85 kutoka kwako. Chozi hatulii, kwa hiyo weka kasi ya shata 1/1000 (ya sekunde), upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, na picha bado inatazamika. Ukipenda Nikon, angalia maandishi ya lenzi: zile za AF-P hazifokasi kwenye D3100 wala D90, na muuzaji huenda asikuambie.

Kabla hujatoa hela, vua lenzi, mulika kwa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Mimi nilinunua jioni kwa haraka. Nyumbani nikakuta nyuzi kama za buibui ndani ya kioo. Muuzaji akasema ni vumbi. Ulikuwa ukungu, ule mwingine, usioondoka jua likitoka.

Ya pili ni kamera yenye zumu lake humohumo: Nikon P900 (mara 83), P950, au Canon SX70 HS (mara 65). Kunguru aliyetua juu ya mnara wa simu unamwona hadi jicho. Ila kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo, asubuhi ya mawingu picha zinajaa chenga, na P900 haitoi RAW, yaani picha ghafi ya kurekebisha baadaye. Kama unakaa Iringa na unapiga mchana wa jua, ipandishe iwe ya kwanza, sitabishana.

Ya tatu ni darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8) na simu uliyonayo: unaegesha kamera ya simu kwenye jicho la darubini. Inataka mkono mtulivu na ndege mvivu. Kwarara anayedonoa bustanini anafaa. Kinyonga kwenye ua wa michongoma hahitaji hata darubini.

Vile vilenzi vya kubana kwenye simu, pita.

Wa Tukuyu, hesabuni na ndoo yenye mfuniko. Tia kamera humo pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mkoba wa kitambaa msimu wa mvua ni shamba la ukungu.