TAHADHARI: Kuna "muuzaji wa Robux" anayebadilisha jina kila wiki, amekula pesa zetu Umoja na Donholm

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaoingia Roblox, ule mchezo wa mtandaoni, mkishatoka shule, nawaomba msome hii yote kabla hamjatuma hata shilingi kumi. Kuna mtu anazunguka ndani ya mchezo huo akijifanya muuzaji wa hapa Nairobi wa Robux, zile pesa za ndani ya mchezo. Amekula 3,200 zangu. Amekula za jirani yangu wa ploti ya pili, na za mama mmoja wa Donholm ambaye mtoto wake husoma na wangu. Hao ndio ninaowajua kwa sura.

Jina analotumia silitaji, na si kwa sababu namwogopa. Jina lile si lake, na leo huenda ameshalivua. Mkimsaka kwa jina mtamuumiza mtu mwingine kabisa. Mimi nilishamuumiza mtu hivyo, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, huku Umoja, karibu na Mtindwa. Kutwa nachapa barua, naingiza watu eCitizen kwa huduma za serikali, napiga kopi za vitambulisho. Kijana wangu yuko Gredi ya 8 na akimaliza homuweki namwachia mashine ya pembeni acheze kidogo. Alikuwa amefanya vizuri shuleni, nikamwahidi Robux.

Sasa, mitaa hii yote kuna kijana mmoja wa chuo anayejulikana na watoto kwa kuwauzia Robux. Miaka miwili hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo mwanangu alipoona jina la huyo kijana likielea juu ya kichwa cha mtu ndani ya mchezo, na nguo ni zilezile, kofia ileile, hata mabawa yale meusi mgongoni, akafurahi. Akamsalimu. Yule akajibu kwa Kiswahili cha huku kwetu. Wakahamia Discord, programu nyingine ya soga, kwa maana namba za simu hazipiti kwenye soga ya Roblox, zinageuka alama za reli (####). Huko akasema laini yake ya zamani ina shida, tutumie hii mpya.

Nikatuma mimi mwenyewe. Nilipoandika namba na kiasi, M-Pesa ikaniletea jina: la mwanamke, nisilolijua. Nikasimamisha kidole. Nikamwambia mwanangu amuulize. Jibu likaja papo hapo, "Ni laini ya mamangu, msijali." Nikaweka PIN.

Kilichofuata ndicho kilichotunasa wote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Robux hazitumwi kutoka mtu kwa mtu jinsi tunavyotumiana pesa za simu. Njia wanayotumia wauzaji hawa wa mtaani ni hii: mtoto anatengeneza kitu cha kuuza ndani ya mchezo, hata kama ni tiketi isiyo na kazi, muuzaji anakinunua kwa Robux, Roblox inakata asilimia 30 na mtoto anabaki na 70. Na hizo 70 haziingii siku hiyo. Zinasubirishwa siku kadhaa kwanza. Kila mtoto anayecheza anajua hivyo. Basi yule mtu akasema ameshanunua, zinasubiri, tumpe wiki moja. Mwanangu akaniambia ndivyo inavyokuwa kila mara, nami nikatulia.

Lakini wiki hiyo ilikuwa ya nini? Roblox, tangu 2021, humruhusu mtu kuwa na jina la kuonyesha, lile linaloelea juu ya kichwa, na kulibadilisha bure kila baada ya siku 7. Si lazima liwe la peke yake. Hata watu mia wanaweza kuvaa jina moja kwa wakati mmoja. Sisi tulipokuwa tukihesabu siku za kungojea Robux, yeye alikuwa akihesabu siku za kuvua jina.

Siku ya nane mwanangu aliingia akamtafuta, hayupo. Akanijia kaunta akiniambia, "Mum, ameniondoa." Hakuwa amemwondoa. Tulipopitia orodha ya marafiki mmoja mmoja tukakuta mtu ambaye mwanangu hakumbuki kufanya naye urafiki hata siku moja: jina jipya, nywele za njano, nguo za mpira. Alikuwa yeye. Alikuwa ndani ya orodha ya mtoto wangu muda wote ule, anaona mtoto anapoingia na anapotoka, na mtoto hamtambui. Hilo liliniuma kuliko 3,200. Leo ni pesa. Kesho mtu mzima mwenye nia nyingine anaweza kukaa hivyo hivyo kati ya marafiki wa mtoto wako, kila wiki na sura nyingine.

Nikakosea hapo. Kwa hasira nilichukua picha ya skrini ya siku ya kwanza, yenye jina lile la kuazima, nikaiweka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: "Huyu wa Robux ni mwizi, msimtumie pesa." Kufika jioni ilikuwa imesambazwa hadi Buruburu.

Jumamosi asubuhi akaingia saiba kijana mrefu, mpole, na mama yake nyuma. Mama hakuketi. Alisimama mlangoni akishika mkoba kwa mikono miwili. Kijana akasema, "Mama, mimi ndiye yule uliyemwita mwizi." Alikuwa amepokea matusi siku tatu. Wateja wawili walitaka warudishiwe pesa za Robux walizokwisha kuzitumia. Mmoja aliapa kumfuata hadi chuoni. Akafungua simu yake akanionyesha akaunti yake, namba zake, risiti zake za M-Pesa za mwezi mzima. Laini yangu haikuwamo. Hakuwahi kuongea nasi kabisa.

Tukakaa naye kulinganisha akaunti mbili. Chini ya jina la kuonyesha kuna jina la akaunti, lile linaloanza na alama ya @, na hilo haliwezi kushikwa na watu wawili. Tukayaangalia. Yalikuwa sawa! Herufi kwa herufi, sawa kabisa. Kijana wa watu akaanza kutetemeka. Ndipo nikanakili majina yote mawili nikayabandika kwenye ukurasa wa Word, nikayafanya makubwa saizi 72, nikabadilisha mwandiko ukawa Times New Roman. Hila ikaonekana. Katika jina la kijana kuna "l", ile ndogo ya lima. Katika jina la tapeli pale pale kuna "I", ile kubwa ya Ijumaa. Kwenye skrini ya mchezo zote ni kijiti kimoja kilichosimama. Nilichapa karatasi hiyo, nimeibandika ukutani hapa saiba, kila mtoto anayeingia namwonyesha.

Niliomba msamaha kwenye grupu lile lile na nikapigia simu wale wote niliojua waliisambaza. Haijatosha. Kuna grupu ambazo siwezi kuzifikia, na humo kijana huyo bado ni mwizi.

Simlaumu mtu kwa kubadilisha jina. Huku kwetu nani ana jina moja? Kwenye ploti mimi ni Mama fulani, kanisani naitwa la ubatizo, nyumbani ushago la nyanya yangu, na kwenye kitambulisho yamepangwa matatu. Kuna mtoto aliyeandika jina lake halisi na shule yake kwa kutojua, huyo ni heri abadilishe leo. Kuna msichana anayesumbuliwa na mtu, jina jipya humpa nafasi ya kupumua. Yote hayo ni haki yao. Tofauti ni kwamba mimi nikienda benki, hawaniulizi naitwaje kwenye ploti. Wanaangalia namba ya kitambulisho, na namba haibadiliki hata nikiolewa mara tatu. Huko ndani ya michezo namba ipo pia, ila sisi hatukufundishwa kuitafuta.

Mteja wangu mmoja, dada anayebuni nguo za kuuza ndani ya Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, alinicheka kidogo kisha akasikitika. Wao walipitia haya zamani. Ulimwengu ule ulifunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, na mwanzoni ulijichagulia jina la kwanza, la pili ukaliokota kwenye orodha yao, ukabaki nalo. Mwaka 2010 yakaletwa majina ya kuonyesha, nayo unaweza kubadilisha kila baada ya wiki, tena hukubali herufi za lugha nyingi. Kwa hiyo huko mtu anaweza kuandika jina lako kwa "а" ya Kirusi na hakuna jicho litakaloona. Yeye haanzi biashara na mtu kabla hajawasha mpangilio wa kuonyesha jina la akaunti pamoja na lile la juu. Discord nayo, zile tarakimu nne zilizokuwa zikifuata jina, za kutofautisha wenye jina moja, zilianza kuondolewa 2023. Hata WhatsApp, ukiona kimawimbi kile ~ mbele ya jina kwenye grupu, ujue mtu amejiandikia mwenyewe na wewe hujahifadhi namba yake.

Kwenye Roblox, fungua ukurasa wa mtu kwa kivinjari, si kwa programu, kisha soma anwani pale juu. Katikati ya anwani kuna tarakimu tupu baada ya neno "users". Hiyo ndiyo namba ya akaunti. Akibadilisha jina la kuonyesha, inabaki. Akilipa Robux 1,000 abadilishe hata jina la akaunti, inabaki, na majina yake ya zamani yanaweza kuonekana pale pale kwenye ukurasa wake. Muulize muuzaji mliyemzoea namba yake mkiwa ana kwa ana, iandike nyuma ya daftari. Jina likija bila namba hiyo, ondoka.

Na jina la M-Pesa, wapendwa. Lile ndilo jina pekee katika hadithi hii yote lililosajiliwa kwa kitambulisho, na ndilo nililolipuuza. Likija jina ambalo si la mtu uliyekubaliana naye, ghairi. Usikubali laini ya mama, ya shangazi wala ya wakala. Na ukishatuma ukahisi kitu hakiko sawa, usingoje hata saa moja: sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe kurudishiwa. Mimi nilifanya hivyo siku ya tisa, nikakuta akaunti ilishafagiliwa. Namba ya tapeli nimeiripoti kwa 333 na nimeandikisha OB, kitabu cha matukio, kituo cha polisi, nikiwa na karatasi ya Word, risiti, na ile anwani yenye tarakimu. Afisa alitaka tarakimu hizo kuliko picha zote nilizobeba. Sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kifungu cha 29, inagusa kujifanya mtu mwingine: faini hadi shilingi 200,000, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili.

Niseme pia wazi, kununua Robux kwa watu binafsi ni kinyume na masharti ya Roblox yenyewe, na akaunti ya mtoto inaweza kufungwa hata muuzaji akiwa malaika. Kijana wetu wa chuo nimemwambia hivyo usoni. Sisi nyumbani tumeacha. Kadi za zawadi za madukani ni ghali kidogo lakini nalala.

Kama umetumia mtu pesa tangu shule zifungue na unasubiri "siku saba", usisubiri. Fungua orodha ya marafiki ya mtoto leo usiku, mkae wote wawili, kila jina aseme ni nani na walikutana wapi. Yule asiyemkumbuka, nakili anwani ya ukurasa wake kabla hamjamwondoa. Na mkiwa na picha ya lile jina la kuazima, tafadhali msiisambaze. Futeni, na mwambieni aliyewatumia afute. Mwenye jina ana mtihani wiki ijayo.

Asiyejua kuitoa hiyo anwani aje saiba na simu ya mtoto, saa yoyote hadi saa mbili usiku. Sitozi kitu.