Celeste imenigombanisha na muuza pedi za gemu

Kama una presha, au nyumba yako na ya jirani zimetenganishwa na ukuta mmoja, hili gemu la Celeste liache. Naliandika hili la kwanza kwa sababu huko mbele nitabadilisha maneno, najijua.

Wengi mnalifahamu. Binti anaitwa Madeline, anapanda mlima. Anaruka, anang'ang'ania ukuta mpaka nguvu zimwishie, na akiwa hewani anaweza kujirusha mara moja tu, upande wowote kati ya pande nane. Nywele zake ni nyekundu, akishajirusha zinageuka bluu mpaka aguse chini tena. Basi. Mtoto wa chekechea anaelewa ndani ya dakika mbili.

Sura mbili za mwanzo nilizipita kwa mbwembwe. Nikamwandikia rafiki yangu, "Hivi watu huwa wanaogopa nini humu?" Ujumbe huo ameutunza. Ananirudishia mara kwa mara, bila neno la ziada.

Sura ya tatu ni hoteli. Mwenyewe Bwana Oshiro ni mzimu, hoteli imekufa siku nyingi na yeye hataki kukubali. Anakukaribisha kwa heshima zote, anakutembeza, anajisifia vyumba vilivyojaa vumbi lenye macho (kweli, vumbi lina macho, na ukiligusa umekwisha). Halafu anakasirika. Anageuka dude kubwa, anatokea upande wa kushoto, anajipanga usawa wako, kisha anakuvaa. Wewe kazi yako ni kukimbilia kulia.

Na hapo ndipo nilipokwama. Kulikuwa na upenyo mmoja, vumbi juu, vumbi chini, katikati unajirusha kulia moja kwa moja. Nabonyeza kulia, binti anakwenda kulia-juu. Vumbi. Nabonyeza kulia. Kulia-juu. Vumbi. Gemu lenyewe halikupi hata nafasi ya kusonya: ukifa, kufumba na kufumbua umesharudi mwanzo wa chumba kile kile. Sonyo la kifo cha kwanza lilikuwa halijaisha na mimi nimeshakufa cha pili.

Na vifo vinahesabiwa! Kuna fuvu dogo na namba pembeni yake. Eti mapema kabisa wanakuletea kadi ya posta ya kukuambia ujivunie hiyo namba, maana ukifa sana ndiyo unajifunza. Mimi kwenye ile hoteli peke yake nilikuwa nimefika 412. Najifunza nini? Ipo pia sehemu ya kuomba msaada, unapunguza kasi ya gemu, au unajiondolea kifo kabisa, na hawakucheki wala kukusimanga. Nilifungua, nikasoma, nikafunga. Kiburi tu.

Usiku mmoja nikaiweka pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, mezani nikachote maji. Kurudi, nakuta Madeline kasimama anatazama juu. Hakuna aliyemgusa. Nikafungua menyu, alama ikaanza kupanda yenyewe, taratibu, kama mdudu. Mkono ulinitetemeka. Siku zote hizo kijiti cha pedi kilikuwa kinavuta juu! Vifo vyangu vilikuwa vya kuonewa!

Pedi niliinunua Kariakoo, ya mtumba, kwa kijana mmoja ambaye siku ya kuniuzia aliniita kaka mkubwa. Nikamrudia. Safari hii hata macho hakuyatoa kwenye simu.

"Bosi wangu, hii pedi haina shida. Shida ni mkono."

Mbele za watu. Wakacheka. Nikamwambia achomeke aone mwenyewe. Akaweka gemu la mpira, mchezaji akakimbia, akapiga shuti, goli. "Unaona?" Sasa kwenye mpira nani atajua kijiti kimependelea juu kidogo? Mchezaji yuko uwanja mzima! Nikamweleza habari ya upenyo, ya vumbi, ya Oshiro. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana sina akili timamu. Mwisho akasema nimwongezee elfu kumi na tano anibadilishie. Niliondoka na pedi yangu mbovu na hasira ambayo ingependeza zaidi kwa mtu aliyeibiwa gari.

Nyumbani nikahamia kwenye kibodi. Kibodi haipotoki, kulia ni kulia. Nikafa mara sitini na kitu. Palepale.

Hapo ndipo uamuzi wangu ulipoanza kuyumba, maana sikuwa na wa kumlaumu. Nikilitazama kwa haki, kila kifo nilikiona kinakuja: nimeruka mapema, nimechelewa, nimetaka sifa. Gemu lenyewe lina huruma ya siri. Ukichelewa kidogo tu kuruka ukiwa umeshatoka ukingoni, bado linakuruhusu uruke. Muuza pedi hana huruma hiyo.

Wikiendi akaja mpwa wangu, yuko darasa la tano. Akaichukua ile pedi kabla sijamwonya. Dakika kumi, labda kumi na tano, nikasikia kimya. Amepita. Oshiro yuko nyuma, upenyo uko nyuma.

"Umefanyaje na pedi mbovu?"

"Anko, si unatumia mishale."

Mishale, vile vitufe vya kuelekezea kwenye pedi! Iko palepale chini ya kidole gumba, haina kijiti, haina kuvuta juu. Miezi nimeshika kitu hicho mkononi.

Sasa niko kileleni, sura ya saba, kwa mishale. Nilikuwa nimepanga kutoa nyota mbili, baadaye nikasema nne, na muziki ule unapopanda pamoja na wewe unastahili nyota yake peke yake. Basi tano. Yule kijana wa Kariakoo sifuri, na asidhani kwa sababu ilikuwa mishale ndiyo amesameheka, kijiti ni kibovu vilevile.

Sehemu ya mwisho ya mlima ina bendera thelathini zinazohesabu kurudi nyuma. Nimebakiza saba. Luku ya umeme inasoma uniti nne, na simzimii mtu feni.