Mimea ya kununua kwa tangi dogo la samaki: ipi kwanza, ipi uiache dukani

Mpangilio huu ni wa tangi la maji baridi (yasiyo na chumvi) la lita 40 hadi 60, lenye changarawe ya kawaida, filta ndogo na taa ya LED, bila mtungi wa kaboni dioksaidi wa kulisha mimea. Kipimo ni kimoja: je, mmea utakuwa hai baada ya miezi mitatu? Uzuri wa dukani haukupewa alama. Mimea mingi huoteshwa majani yakiwa nje ya maji, na majani hayo huoza ukiyazamisha. Unachonunua hasa ni shina na mizizi. Majani ya majini yatachipua baadaye. Ulizia kwa jina la kisayansi, maana kila muuzaji ana jina lake.

1. Anubias barteri, aina fupi ya nana

Asili yake ni Afrika Magharibi. Majani ni magumu kiasi kwamba samaki wengi hawayagusi, mwanga hafifu unautosha, na chakula huchukua kwenye maji, kwa hiyo changarawe isiyo na rutuba si tatizo.

Unakufa kwa sababu moja kuliko zote: mtu amezika lile shina nene linalolala. Shina likifukiwa huoza, na uozo husambaa hadi majani yanadondoka yakiwa bado ya kijani. Ufunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa pamba, au tumia supaglu ya jeli: kausha jiwe na mizizi kwa tishu, weka matone mawili, bana kwa sekunde 30, kisha urudishe majini. Gundi itageuka nyeupe, haidhuru samaki.

Dukani, bonyeza shina kwa vidole. Likiwa gumu, nunua. Likibonyea au likinuka, liache hata ukipunguziwa bei. Ujue pia kwamba hukua polepole sana, jani moja kwa wiki kadhaa, ndiyo maana mwani (ule utando wa kijani) hupenda kukaa juu ya majani yake. Uweke pembeni, usiwe chini ya taa moja kwa moja.

2. Ceratophyllum demersum

Huu ni wa kwetu. Umejaa Ziwa Victoria na Tanganyika. Hauna mizizi, unaelea tu, na hukua haraka mno. Kwa tangi jipya hakuna mmea wenye faida zaidi, kwa kuwa hufyonza amonia na naitreti, zitokanazo na uchafu wa samaki, kabla mwani haujazifikia. Umekosa nafasi ya kwanza kwa uchafu wake: ukihamishwa ghafla hupukutisha vijani kama sindano, vikaziba filta. Fungu la vijiti vitano vya sentimita 20 linatosha. Kila wiki mbili kata theluthi moja utupe.

Usiokote ziwani ili kuokoa hela. Ni makao ya konokono wanaoeneza kichocho.

3. Vallisneria spiralis

Nunua huu ikiwa maji yako ni magumu, yaani yanaacha utando mweupe kwenye birika, kama maji ya visima vingi vya Dar es Salaam. Maji laini, kama ya bomba la Nairobi, huudhoofisha. Panda mizizi tu. Pale majani yanapoanzia pabaki juu ya changarawe. Wiki za kwanza majani huyeyuka, usiung'oe. Ukishika, hutambaa wenyewe na kutoa miche. Kaa mbali na ile “kaboni ya maji” ya chupa yenye glutaraldehaidi: huyeyusha Vallisneria.

4. Microsorum pteropus

Hufungwa kwenye jiwe kama Anubias. Kwa wakazi wa Nairobi, Arusha au Mbeya tungeupandisha hadi nafasi ya pili. Pwani, ambako maji ya tangi hufika nyuzi 30, hudorora. Madoa meusi yaliyojipanga chini ya jani si ugonjwa, ni vifuko vya spora, chembe zake za kuzaliana.

5. Cryptocoryne wendtii

Mzuri, ila mwenye kununa. Ukiuhamisha tu, majani yote huyeyuka na wengi huutupa, kumbe mizizi ni hai na utachipua ndani ya mwezi. Hula kwa mizizi: chomeka kidonge cha mbolea karibu na shina kila miezi mitatu.

Iache dukani

Echinodorus wakubwa watajaza tangi lote. Mimea ya zulia kama Hemianthus callitrichoides bila kaboni dioksaidi na mwanga mkali ni hasara. Vile vijiti vya kijani vinavyouzwa kama mwanzi wa bahati ni Dracaena, mmea wa nchi kavu. Ukizamishwa wote huoza. Gugumaji na Salvinia usinunue kabisa: la kwanza limesumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, la pili liliwahi kufunika sehemu kubwa ya Ziwa Naivasha. Mabaki ya mmea wowote yaanike juani yakauke, usiyamwage mtaroni.

Hela ikibaki

Kabla ya mmea wa sita, nunua soketi yenye taima. Kwa mimea hii lumeni (kipimo cha mwanga wa taa) 15 hadi 20 kwa kila lita zinatosha, yaani 600 hadi 800 kwa lita 40, saa 6 hadi 8 kwa siku. Taa inayoachwa hadi mwenye nyumba akumbuke kuizima hukuza mwani, na tangi lililo dirishani hupata hali hiyo hiyo bure.

Halafu mbolea ya maji yenye potasiamu na chuma, nusu ya kipimo cha chupa kwa kuanzia. Majani yenyewe yatakuambia: matundu madogo kwenye majani ya zamani, potasiamu imepungua, majani machanga kupauka, chuma, majani ya zamani kuwa njano yote, naitrojeni. Urea, DAP na CAN za shambani zisikaribie tangi. Zote huleta amonia, na samaki watakuwa juu ya maji asubuhi.

Mmea ukifika nyumbani, toa mizizini sufi yote iliyooteshewa. Anubias na Microsorum unaweza kuzichovya dakika 2 kwenye Jik isiyo na manukato, sehemu 1 kwa maji 19, kisha suuza sana na uziloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Vallisneria na Ceratophyllum hazistahimili Jik. Ziweke kwenye ndoo penye mwanga kwa wiki mbili, ukitoa konokono na mayai yao kila unapoyaona.